Muulize Bi Mwalimu: Wanaosema “alif detis a”

Toleo lililopita niliwataja Waislamu wa Cape Town kwa mstari mmoja tu, nikapita zangu. Kumbe nimechokoza nyuki. Barua zimenijia, nne nazijibu leo. Zilizobaki nyingi zinauliza bei ya nyumba Bo-Kaap, mtaa wao wa zamani hapo mjini, na hiyo si kazi ya mwalimu mstaafu.

*Shikamoo Bi Mwalimu. Natokea Tanga, niko Cape Town mwaka wa pili chuoni. Ijumaa huwa nasali Bo-Kaap. Wazee wa hapa nikiwapisha mlangoni huniambia “trammakassie”, yaani asante, Idi wanaiita “labarang”, udhu wanauita “abdas”, lakini wakiongea wao kwa wao ni Kiafrikaans kitupu. Kila mtu anawaita Wamalei. Je, walitoka Malaysia? Na mbona madrasa tulisomeshwa Baghdad na Andalusia, hawa hatukuwasikia hata siku moja? — Mwana wa Ngamiani*

Marahaba mwanangu. Nianze na hilo jina, maana ndipo wengi wanapokwama. Waliotoka Malaysia ni wachache mno. Kampuni ya Kiholanzi ya biashara ya Mashariki, VOC, ilifungua kituo chake hapo Cape mwaka 1652 ili meli zake zipate maji, nyama na mboga. Kituo kilitaka mikono ya kazi, na mikono ikaletwa kwa minyororo: watu wa Bengal, wa pwani ya Malabar, wa Ceylon (Sri Lanka ya leo), wa visiwa vinavyoitwa leo Indonesia, wa Madagaska, wa Msumbiji. Bandari nyingi za bahari ile zilielewana kwa Kimalei, kama Mmakua na Mnyamwezi walivyoelewana kwa Kiswahili wakikutana Bagamoyo. Basi aliyejua Kimalei akawa Mmalei. Miaka ikipita kila Mwislamu wa Cape akawa Mmalei, hata kama bibi yake katoka Msumbiji. Tusiwacheke. Huku kwetu bara nako, mtu akisilimu na kuvaa kanzu alikuwa akiitwa Mswahili, kwao kuwe Kigoma au Tabora.

Pamoja na watumwa walikuja wafungwa wa siasa. Masultani na masheikh waliowasumbua Waholanzi huko Mashariki walitupwa Cape kwa sababu palikuwa mwisho wa dunia. Wa kukumbukwa kwanza ni Sheikh Yusuf, mzaliwa wa Makassar, Indonesia ya leo, mwaka 1626. Alisoma Yemen na Makka, akarudi akawa upande wa Sultani Ageng wa Banten, kisiwani Java, kwenye vita na Kampuni. Walipomkamata walimpeleka Ceylon, na 1694, akiwa mzee wa miaka karibu 70, wakamleta Cape na kumweka shamba la Zandvliet, mbali na mji, makusudi asionane na watumwa. Watumwa watoro wakamfuata hukohuko. Alifariki 1699. Mahali pale panaitwa Macassar hadi leo, na ziara yake, yaani jengo la kaburi, watu wanaizuru. Ukimaliza masomo bila kwenda, nitakuandika jina.

Sasa weka hili akilini: chini ya sheria ya Kampuni ilikuwa marufuku kutangaza dini yoyote isipokuwa Ukristo wa madhehebu yao, na anayejaribu kusilimisha watu alitishiwa kifo. Uhuru wa ibada ulikuja 1804. Hesabu mwenyewe: miaka mia na nusu ya kusali chumbani, kufundishana kwa kunong’ona, kuzikana mlimani. Hakuna mnara wala kasri uliosimama katika miaka hiyo, kwa hiyo mwenye kutafuta historia kwa kutazama minara atapita mtaani kwako asione kitu.

Aliyewapa shule ni Imamu Abdullah, mwana wa Kadhi Abdussalaam, mtu wa Tidore. Watu walimwita Tuan Guru, yaani Bwana Mwalimu. (Tidore ni katika visiwa vya Maluku. Karafuu tunazozianika Pemba asili yake ni huko. Bahari hii ina mambo.) Aliletwa 1780 akafungiwa Robben Island, kisiwa kilekile alichokuja kufungwa Mandela. Akiwa kifungoni, na umri umeshavuka 60, aliandika msahafu mzima kwa kumbukumbu ya kichwa. Mwaka 1781 alikamilisha kitabu kikubwa cha itikadi na sheria kwa Kiarabu na Kimalei. Msahafu mmoja wa mkono wake unahifadhiwa Msikiti Auwal, Dorp Street, pale unaposali wewe kama sikosei. Alipofunguliwa alifungua chuo mtaani hapo, kikasomesha watumwa na walioachwa huru bila kubagua. Kiwanja kilikuwa cha Coridon wa Ceylon, mtumwa aliyepata uhuru wake, na binti yake, Saartjie van de Kaap, ndiye anayekumbukwa kukitoa kwa ajili ya msikiti. Mwaka unaohesabiwa ni 1794, miaka kumi kabla ya ule uhuru wa ibada. Msikiti wa kwanza wa Afrika Kusini umesimama juu ya ardhi ya nyumba ya mtumwa, na jina linalotajwa ni la mwanamke. Mimi hilo peke yake lingenitosha kulifundisha kipindi kizima, kidato cha pili, mvua inyeshe au isinyeshe.

Sasa lile swali lako la mbona hamkufundishwa. Nitakujibu kwa kisa changu.

Mtoto wa dada yangu aliolewa Cape Town, nikaenda kwenye harusi. Asubuhi ya Jumapili nyumba nzima ilinukia iliki na sukari, wanakaanga koesisters, andazi lao la kuchovya kwenye shira na kunyunyiza nazi. Ukila unaona kaimati imesafiri ikarudi na jina jingine. Jirani mmoja, bibi wa makamo ya mama yangu, alisikia kuwa nilikuwa mwalimu akanionyesha alivyosoma chuoni utotoni. Akafumba macho, akaanza kuyumba kama tulivyokuwa tukiyumba sisi: “Alif detis a, alif bouwa i, alif dappan u.” Mwili ulinisisimka. Kwetu Pangani tulikuwa tukiimba alifu fatha a, alifu kasra i, alifu dhuma u, na ubao magotini. Yale maneno yake ni Kimalei kilichochakaa kwa kupita midomo mingi: juu, chini, mbele, yaani mahali irabu inapokaa. Kimalei chenyewe hakijui. Hakuna aliyebaki anayekizungumza pale mtaani. Kimebaki katika kuhesabu irabu, katika asante, katika jina la Idi.

Akaniletea daftari la baba yake. Wanaliita koplesboek, daftari la somo la kuhifadhi kichwani. Herufi za Kiarabu, kulia kwenda kushoto, nami nikajitia kusoma. Sikuambulia kitu. Akaniambia nisome kwa sauti. Nikasoma, na yeye akacheka, maana kilichotoka kinywani mwangu kilikuwa Kiafrikaans.

Hapo ndipo jibu lako lilipo, mwanangu. Karne ya 19 Kimalei kilipokuwa kinafifia, walimu wa Cape walianza kufundisha dini kwa lugha ya jikoni, yaani hicho Kiafrikaans, Kiholanzi kilichovunjwavunjwa na watumwa na watumishi, na wakakiandika kwa herufi walizozijua. Waliongeza nukta kwenye herufi kwa sauti ambazo Kiarabu hakina, kama p na ng. Makaburu walikuwa bado wanaionea aibu lugha hiyo. Chama chao cha kuitetea kilianzishwa mji wa Paarl mwaka 1875, wakati vyuo vya Waislamu vilikuwa vinaiandika tangu zamani. Lugha iliyokuja kuwa amri ya serikali ya ubaguzi ilikuwa imekwisha kukaa kwenye madaftari ya watoto wa watumwa, wamekunja miguu mkekani.

Na ndiyo maana wakapotea katika vitabu. Mwanachuoni wa Kiarabu akifungua daftari lile anasema si Kiarabu. Mtaalamu wa Kiafrikaans analitazama hawezi kulisoma. Kila mmoja analisukuma kwa mwenzake. Ilibidi wajitokeze watu wachache kama Achmat Davids, mwana wa Cape mwenyewe, wakae na makaratasi hayo miaka na miaka ndipo dunia ikajua.

*Bi Mwalimu, kwa heshima zote. Nimesoma kwamba Waislamu hao siku ya Maulidi wanawake hukaa msikitini wakikata majani ya michungwa. Hii ni dini au ni mila? Waliokaa mbali na chimbuko la dini huchanganya mambo. Naona tungeacha historia za watu wa pembezoni tukasoma za wenyewe. — Mkereketwa, Mombasa*

Ndugu yangu wa Mombasa, fatuwa hapa hazitolewi. Mimi nilisomesha Historia na Kiswahili. Ila kwa kuwa umeyataja majani, nikuulize: mama yako hakuwahi kufunga kikuba? Yale majani, wanayaita rampies, hukatwa vipande vyembamba, hutiwa mafuta mazuri na udi, hufungwa kwenye karatasi za rangi na wanaume wanagawiwa baada ya kisomo. Nilipoyanusa niliona mrehani na asumini za bibi yangu, kasoro kilua tu. Na kisomo chenyewe ni Barzanji, hichohicho ulichokulia ukikisikia. Kuna na kikao cha dhikiri wanakiita gadat. Jina hilo limetokana na Haddad, yule Sayyid Abdallah wa Hadhramaut, mwenye Ratibu inayosomwa Lamu na Unguja. Wako madhehebu ya Shafii kama sisi, kwa njia ileile ya bahari na kwa masheikh wa asili ileile.

Kwa hiyo hilo la “mbali na chimbuko” silikubali. Kila mtu yuko mbali na kitu fulani. Nikupe kisa cha kamba, wale wa baharini.

Mwaka 1862 dola ya Uthmania, ya Waturuki, kwa maombi yaliyopitia Waingereza, ilimpeleka Cape mwanachuoni wa Kikurdi, Abu Bakr Effendi, akawasomeshe Waislamu wa huko waliokuwa wakigombana wenyewe kwa wenyewe. Akafika mwanzoni mwa 1863, akafungua shule, wasichana nao wakasoma. Mtu wa elimu, hakuna ubishi. Lakini alifundisha fiqhi, yaani sheria za dini, ya madhehebu ya Hanafi, na kwa Hanafi kiumbe wa baharini asiye samaki haliwi. Cape ile! Watu wamekula kamba wakubwa wa maji baridi tangu babu wa babu, Shafii hana neno nao, halafu mgeni anawaambia hicho mlicholishia watoto si halali. Mji uligawanyika. Nimeoga bahari ya Pangani utoto wangu wote, naweza kukuhakikishia kuwa mtu anayemgusa mvuvi kwenye kamba wake hatapata usingizi.

Utamu wa kisa uko mbele. Effendi aliyetoka Istanbul, makao ya Khalifa, kuja kunyoosha watu wa pembezoni alilazimika kujifunza lugha yao, na kitabu chake cha fiqhi alikiandika kwa Kiafrikaans cha herufi za Kiarabu. Kikapigwa chapa Istanbul mwaka 1877. Ni miongoni mwa vitabu vya mwanzo kabisa vya Kiafrikaans duniani, kimeandikwa na Mkurdi, kimechapwa na Waturuki. Alifia Cape 1880 akazikwa makaburi ya Tana Baru, walikozikwa hao aliokuwa akiwakataza kamba, na Tuan Guru pia.

Tana Baru yenyewe serikali ya Kiingereza iliifunga Januari 1886 kwa sheria ya afya. Siku mbili baadaye Waislamu karibu 3,000 walibeba jeneza la mtoto kwa miguu wakaenda kumzika palepale, na polisi wakarushiwa mawe. Watu wasiojali dini hawafanyi hivyo.

Na kama bado unataka “za wenyewe”, basi hii ni yako. Mwanzoni mwa karne ya 20 wa Cape walizozana tena, na aliyekwenda kusuluhisha alitoka kwetu: Sheikh Abdallah Bakathir, mzaliwa wa Lamu, mwenye chuo mjini Unguja, mwanafunzi na rafiki wa Sayyid Ahmad bin Sumeit, mwanachuoni mkubwa wa Unguja. Kabla yake Sheikh Muhammad Salih Hendricks, kijana wa Swellendam, hukohuko Cape, alikuwa amesoma Makka, na njiani kurudi kwao alishuka Unguja akakaa kwa muda. Ndiye aliyejenga Azzawia, msikiti na chuo cha Cape Town, mwaka 1920. Wao walikuwa wanajua njia ya kwetu na sisi ya kwao. Waliosahau ni wajukuu.

*Bi Mwalimu shikamoo. Nikiwa Muscat nimefanya kazi na jamaa wa Durban anajiita Mzanzibari. Nikimwambia “habari ya asubuhi” ananikodolea macho. Eti kwao wote ni Wazanzibari, wanazungumza lugha siijui. Ananitania? — Mtoto wa Ng’ambo, Unguja*

Marahaba. Hakutanii. Ungemwambia salamu ya Kimakua angekukumbatia.

Mwaka 1873 Seyyid Barghash, akibanwa na Waingereza, alitia saini mkataba wa kuzuia biashara ya watumwa baharini. Manowari za Kiingereza zikawa zinakamata majahazi. Waliokombolewa wapelekwe wapi? Wengine walipelekwa misheni za pwani yetu. Lakini Natal, koloni lenye bandari ya Durban, kulikuwa na mashamba ya miwa yenye njaa ya vibarua, kwa hiyo kuanzia Agosti 1873 mamia kadhaa walishushwa Durban, wakaambiwa mko huru, wakafungwa mkataba wa miaka mitano ya kazi. Uhuru wa namna hiyo mimi nauita kubadilishiwa kamba shingoni, lakini barua yako haikuniuliza maoni.

Wengi wao walikuwa Wamakua wa kaskazini mwa Msumbiji, jamaa za Wamakua wetu wa Masasi. Unguja kwa wengine ilikuwa kituo cha njiani tu, kwa wengine jina walilolisikia. Walio Waislamu wakakaa Kings Rest, kwenye kilima cha Bluff juu ya bandari, ardhi iliyonunuliwa na wadhamini wa msikiti wa Wahindi wa Grey Street. Walilima, walivua samaki, waliswali, na Kimakua chao wakakilea vizazi vinne, katikati ya Wazulu, Wahindi na Wazungu. “Mzanzibari” lilikuwa neno la kinga: lilimwambia afisa kuwa huyu si “mzawa” wa kubeba pasi, ile hati ya lazima kwa Waafrika, na lilimwambia Mhindi wa msikitini kuwa huyu ana kwao kunakojulikana.

Halafu ikaja serikali ya ubaguzi na makabati yake ya rangi. Watu hawa Weusi kama mimi, babu zao wamezaliwa Afrika, jina la kisiwa cha Afrika, wakahangaishwa kutoka kundi hili kwenda lile, mwisho mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakaandikwa “Waasia Wengineo”. Kwa dini yao! Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilicheka mpaka nikaona aibu, kwa sababu muda si mrefu Kings Rest ilitangazwa ya Wazungu, na kwa huo Uasia wa karatasi wakahamishiwa Chatsworth, mtaa uliotengwa kwa Wahindi. Bluff walibakiza makaburi.

Kwa hiyo mwenzako ni Mzanzibari kwa haki yake. Jina amelirithi na limewagharimu. Muulize tu kama bibi yake alikuwa anatwanga mihogo, mtaelewana.

*Bi Mwalimu, marehemu babu ameacha sanduku la madaftari ya herufi za Kiarabu. Ustadhi wetu amesoma kurasa mbili akasema ni Kiarabu kibovu, hakina maana, tuyachome kwa adabu yasije yakadharauliwa. Tunataka kusafisha chumba kabla ya arobaini. Tufanye nini? — Mjukuu, Kilwa Kivinje*

Poleni sana na msiba, Mungu amrehemu mzee. Na kiberiti kiweke mbali.

Fanya kama yule bibi wa Cape alivyonifanyisha mimi: tafuteni mtu anayejua kusoma msahafu, asome kwa sauti polepole, na wewe usimame pembeni usitazame, usikilize. Ukisikia “kwamba”, “mwenyewe”, “shamba”, hicho si Kiarabu kibovu, ni Kiswahili kizima. Wazee walikuwa wakiandika p kwa herufi ya b, e na i hawakuzitenganisha, na mb mara nyingi waliiandika b tupu, hivyo mbuzi kwenye karatasi ni “buzi”. Aliyejifunza Kiarabu peke yake ataona herufi zimejipanga bila maana. Msimkasirikie ustadhi, hata mimi nilishindwa na daftari la Bo-Kaap.

Msiyapige gundi wala selotepu, na msiyatie kwenye plastiki ya joto, yataoza ndani. Yapanguseni vumbi kwa brashi laini iliyokauka, muyaweke mahali pakavu pasipo na mchwa, yafunikwe kwa kitambaa cha pamba. Piga picha kila ukurasa kwa simu, mwanga wa dirishani, bila mmweko. Kisha nendeni Nyaraka za Taifa, Unguja, au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wote wanahifadhi maandishi ya namna hii. Hamlazimiki kuwaachia sanduku. Nakala inatosha.

Na usiruke majalada kwa ndani. Mara nyingi hapo ndipo wazee walipoandika nani kazaliwa lini, minazi mingapi imewekwa rehani, na nani hajalipa.